Kazini Tunaogopana

(Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Juma hili naomba nianze kwa kukiri kosa, halafu kutokana na kosa hilo tuzungumze jambo ambalo naamini linatuhusu wengi wetu tunaoamka alfajiri kugombea daladala ili tuwahi kazini.

Mwaka 2010 nilikuwa mtangazaji katika kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji, maana kosa lilikuwa letu sisi watu, halikuwa la jengo. Kituo kile kilikuwa na chumba cha chini, karibu na jenereta, kilichojaa kanda. Zilikuwamo kanda kubwa za duara, za enzi za watangulizi wetu waliokata sauti kwa wembe na kuziunga kwa utepe wa gundi. Zilikuwamo pia kaseti za kawaida, zilizorekodiwa kwa vinasa sauti vya mkononi. Zote kwa jumla zilikuwa kiasi cha 2,000. Aliyezitunza alikuwa mzee mmoja aliyekaribia kustaafu. Kila kanda alikuwa ameiandikia kadi kwa mkono wake, na ukimwambia unataka sauti ya mtu fulani hakuhangaika na kadi; alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akanyoosha mkono, akakupa.

Akaja binti mmoja kutoka chuo cha uandishi wa habari, kwa mazoezi ya kazi ya miezi mitatu. Alikuwa mpole, mwenye daftari lisilomtoka mkononi. Siku moja katika kikao cha asubuhi akanyoosha mkono. Akatuamkia, akasema anaomba kuzungumzia kanda zilizoko chini. Akasema amezihesabu. Akasema kanda zinachakaa, nyingine zimeanza kunata, na kwamba zingeweza kuhamishiwa kwenye kompyuta. Akatoa karatasi na kusoma hesabu yake: watu 10, kila mmoja kanda 2 kwa siku, ni kanda 20. Siku 100 za kazi zikipita, kazi imekwisha. Kanda ingejirekodi yenyewe huku mtu akiandika habari zake. Waya wa kuunganisha kinasa sauti na kompyuta alikuwa ameuulizia Kariakoo, na bei yake haikufika sahani mbili za chipsi.

Kikao kikanyamaza. Na katika ukimya ule, ndugu wasikilizaji, kila mmoja wetu alifanya jambo moja: alimtazama mwenzake. Hakuna aliyeitazama ile karatasi. Kisha mtangazaji wetu mkubwa, mtu tuliyemheshimu sana, akasema kwa ile sauti yake nzito: "Mwanangu, umekuja juzi tu, umeshaona nyumba yetu inavuja?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti. Mzee wa kanda, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakucheka. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Binti akakunja karatasi, akaketi. Kikao kikaendelea na habari za zamu za sikukuu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi siku ile kamba tuliifunga shingoni.

Mvua za Desemba 2011 wakazi wa Dar es Salaam hawajazisahau. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, maelfu wakakosa makazi, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mbele ya msiba kama huo kanda za redio ni kitu kidogo, nami sithubutu kulinganisha. Lakini maji yaliingia katika kile chumba cha chini, yakakaa humo siku mbili. Tulipofungua mlango tulikuta kaseti zikielea kama majani ya mgomba. Tuliokoa kiasi cha 600. Zilizobaki zilikwenda na maji.

Miezi michache baadaye akaja mama mmoja pale mapokezi, akaniulizia mimi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, mmoja wa wale wa zamani waliolijua kila tuta la reli ya kati. Mwaka 2003, nilipokuwa kijana mbichi katika kazi hii, nilimhoji mzee yule kwa muda wa saa nzima, akanieleza maisha ya stesheni na ya treni. Sasa mzee alikuwa amefariki, arobaini inakaribia, na watoto walitaka kuisikia sauti yake. Nikamwambia, "Mama, kanda haipo. Ilikwenda na maji." Akaniangalia, akasema, "Haya mwanangu, ahsante." Akatoka.

Siku hiyo saa nne, kwenye chai, nikawasimulia wenzangu. Tulikuwa watano mezani. Mmoja akasema, "Unajua, wazo la yule binti mimi nililikubali siku ile ile." Wa pili akasema naye alilikubali. Wa tatu vilevile. Mimi mwenyewe, ndugu wasikilizaji, nilikuwa na wazo hilo hilo kichwani tangu mwaka mmoja kabla ya binti kufika, ila sikuwahi kulitamka. Mwishowe akasema mtangazaji wetu mkubwa, yule aliyetoa mzaha. Naye hakulipinga wazo. Alisema alimwona mzee wa kanda ameinama, akadhani amefedheheshwa, akaona afadhali ageuze mambo kuwa kicheko yaishe.

Basi tujiulize. Watu watano, kila mmoja kalikubali wazo moyoni, na kwa pamoja wamelikataa. Inawezekanaje?

Tumezoea kudhani kwamba mtu kazini akiletewa jambo jipya hukaa akapima faida na hasara zake, kisha akakubali au akakataa. Ndiyo maana wakubwa wetu wakitaka mabadiliko hutoa waraka, huita semina, hugawa vitabu vyenye michoro. Mambo hayaendi hivyo. Mtu kwanza hutazama nyuso. Nani kalileta jambo hili? Nani kalikubali? Nikilikubali mimi, fulani atanionaje? Nikikosea, nani atanicheka? Faida na hasara huja nyuma ya maswali hayo, na mara nyingi huchelewa.

Jambo hili lilichunguzwa muda mrefu uliopita huko Marekani, katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na jiji la Chicago, kilichokuwa kikitengeneza vifaa vya simu. Kati ya Novemba 1931 na Mei 1932 watafiti waliwaweka wafanyakazi 14 katika chumba kimoja, wakifunga nyaya za mitambo ya kuunganishia simu, na mtafiti akakaa pembeni kuwaangalia. Malipo yao yalitegemea kazi ya kundi zima, maana yake wakizalisha zaidi wangelipwa zaidi. Kwa hesabu za mwenye kiwanda, kila mtu angejitahidi kadiri ya nguvu zake. Lakini wafanyakazi wale walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi inayotosha kwa siku, na kipimo hicho hakikuandikwa popote. Aliyezidisha alipewa majina ya kumdhihaki, na hata kupigwa konde la bega, kwa mzaha usio mzaha. Aliyepunguza mno naye alisemwa. Walihofu kwamba wakizidisha, wakubwa watapandisha kiwango au watapunguza watu, na mwaka 1931 huko Marekani kupunguzwa kazi hakukuwa hadithi. Basi mtu hodari mwenye mbinu ya kurahisisha kazi alifanyaje? Aliificha. Konde la bega kutoka kwa jirani yake lilikuwa na nguvu kuliko bahasha ya mshahara.

Nani kati yetu hajaiona hali hiyo? Karani anayemaliza mafaili yake mapema huambiwa anajipendekeza kwa bosi. Fundi anayekuja gereji na mbinu mpya huulizwa kama amekuja kuwaharibia wenzake soko. Mwalimu anayejaribu njia nyingine ya kufundisha huambiwa asubiri, mwezi wa tatu atachoka kama walivyochoka wengine. Hakuna anayemwambia kwamba wazo lake ni baya. Anaambiwa tu, kwa njia mbalimbali, kwamba yuko peke yake. Na binadamu anaweza kuvumilia mengi, lakini kuwa peke yake mahali anapokaa saa nane kila siku ni adhabu kubwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kicheko changu. Sasa nitazame upande wa yule mzee aliyeinama.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, kulikuwa na daktari kijana kutoka Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis. Hospitali ile ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga. Nyingine ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, na humo wanawake walikufa kwa homa ya uzazi kupita kiasi. Mwaka 1846 walikufa kama 11 katika kila wazazi 100. Wanawake wa mji ule walilijua jambo hilo, na walilia wakiomba wasipelekwe wodi ya madaktari. Mwaka 1847 daktari mmoja, rafiki wa Semmelweis, alichomwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa kwa dalili kama zile za wazazi. Semmelweis akapata jibu: madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, na mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1848 vifo vikashuka hadi kiasi cha mmoja katika kila wazazi 100.

Mtu angedhani dunia nzima ya madaktari ingenawa mikono siku ya pili. Haikuwa hivyo. Mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa. Zipo sababu za kitaalamu: elimu ya vijidudu ilikuwa haijathibitishwa, naye alichelewa mno kuandika, kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Lakini ipo sababu nyingine, ya kibinadamu, na ndiyo inayotuhusu leo. Kulikubali wazo la Semmelweis, daktari mwenye heshima zake alipaswa kwanza kukiri kwamba kwa miaka yote ile, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa akiwaua wanawake waliomtegemea. Na Semmelweis hakuwatafutia wenzake njia ya kukiri bila kuvunjika. Kadiri walivyompinga ndivyo alivyowatukana, hata akachapisha barua za wazi akiwaita wauaji. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na umri wa miaka 47. Alikuwa na haki, na haki yake haikumsaidia, wala haikuwasaidia mapema wanawake ambao angeweza kuwaokoa.

Nikimkumbuka mzee wetu wa kanda naona jambo lile lile katika kipimo kidogo. Karatasi ya yule binti haikumtukana mtu. Lakini masikioni mwa mzee huenda ilisema: kadi zako za miaka 30 si kitu, na chumba ulichokitunza kinaoza. Zaidi ya hapo ilisema: sauti zikishaingia katika kompyuta, wewe tutakuweka wapi? Hatukumuuliza. Binti hakumuuliza kwa sababu ya ugeni, sisi hatukumuuliza kwa sababu ya woga, na mkubwa wetu alimwonea huruma badala ya kumuuliza. Huruma ya namna ile, ndugu wasikilizaji, imezika mambo mengi mema katika nchi hii.

Je, kuna njia? Ipo, na imejaribiwa. Katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, huko huko Marekani, kulikuwa na kiwanda cha pajama ambacho wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake. Kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa, uzalishaji ulianguka na watu wakaacha kazi. Watafiti wawili, Lester Coch na John French, walifanya jaribio wakalichapisha mwaka 1948. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo. Kundi moja la wapiga pasi, kwa mfano, lilitakiwa kuzipanga nguo katika boksi badala ya kuzilaza juu ya kipande cha kadibodi. Kundi hilo liliitwa, likaelezwa, likaagizwa. Uzalishaji ulishuka na haukupanda, watu wakawa wakali kwa msimamizi, na katika siku 40 za mwanzo asilimia 17 wakaacha kazi. Makundi mengine yalipewa tatizo lenyewe: gharama ni hizi, soko ni hili, mnaona tufanyeje? Wakapanga wote pamoja namna mpya ya kufanya kazi. Hakuna aliyeacha kazi, na baada ya muda mfupi wakazalisha kiasi cha asilimia 14 zaidi ya zamani.

Watu walikuwa wa kiwanda kile kile. Waliopangiwa walilishana hasira, na waliopanga wenyewe walilindana ili mpango wao usianguke. Kundi ambalo huko Hawthorne lilimpiga konde aliyezidisha, huko Marion liliweza kumsukuma mbele aliyechelewa. Nguvu ni ile ile ya wenzetu. Tofauti ni upande inaposimama.

Na tusidhani haya ni mambo ya Wazungu na viwanda vyao. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi katika vyumba vya upasuaji, katika hospitali 8 za miji 8 duniani. Walikuwamo London, Seattle, Toronto na New Delhi, na alikuwamo Ifakara wetu wa Morogoro. Orodha yenyewe ni ukurasa mmoja wenye mambo 19: kuhakikisha mgonjwa ni yule yule, sehemu ya kupasuliwa ni ile ile, dawa ya kuzuia maambukizo imetolewa kwa wakati, sindano na vitambaa vimehesabiwa. Na jambo moja lililowashangaza wengi: kabla ya kisu kugusa mgonjwa, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote 8 kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston aliyeongoza kazi hiyo, ameeleza jinsi wapasuaji wengine walivyoipokea kwa shingo upande, wakiona kwamba mtu wa elimu yao hahitaji kusomewa orodha kama mtoto anayetumwa dukani. Wahudumu wa vyumba hivyo wakaulizwa swali jingine: kama ni wewe unayepasuliwa, ungetaka orodha itumike? Asilimia 93 wakasema ndiyo. Angalieni hapo. Mtu anaposimama mbele ya wenzake hulinda hadhi yake. Anapolazwa juu ya meza hutaka kupona.

Na kwa nini kutaja majina? Kwa sababu muuguzi aliyekwisha kusikika mara moja chumbani humo ni rahisi kwake kufungua mdomo mara ya pili, akisema, "Daktari, samahani, kitambaa kimoja hakionekani." Muuguzi aliyenyamaza tangu mwanzo hunyamaza hadi mwisho, na kitambaa hushonewa ndani.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Huko Kanada, katika jimbo la Ontario, hospitali ziliagizwa na serikali kuitumia orodha ile na kutoa taarifa. Utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa vifo wa kuhesabika. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Wapo waliosema kwamba karatasi zilijazwa, lakini watu chumbani hawakubadilika. Mimi si daktari, siwezi kuamua ubishi huo. Ila mtu yeyote aliyefanya kazi ofisini anafahamu tofauti kati ya fomu iliyojazwa na jambo lililofanywa.

Naomba nitoe tahadhari moja, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila jipya ni jema na kila anayekataa ni mjinga. Nchi hii ina kumbukumbu ya Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na fedha nyingi kulima karanga katika ardhi ya Wagogo, watu ambao kwa vizazi vingi waliijua mvua yao inavyodanganya na udongo wao unavyokauka ukawa kama saruji. Ujuzi wao haukupewa kiti mezani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea. Kwa hiyo anayesita naye ana habari. Akiulizwa, atazitoa. Asipoulizwa, atainamisha kichwa atazame viatu vyake.

Nimalizie habari ya kanda zetu. Baada ya mafuriko tulibaki na zile 600, nyingi kadi zake zimelowa na maandishi yamefutika. Safari hii mkubwa wetu hakutoa mzaha wala waraka. Alikwenda mwenyewe kwa mzee wa kanda, akamwamkia, akamwambia: "Mzee, hizi zilizobaki tusipozihamisha zitakufa, na wewe ndiye pekee unayeweza kutuambia ipi ni ipi. Tufanyeje?" Mzee akasema apewe kijana mmoja na kompyuta moja. Akawa anaketi na kijana kila siku, kanda ikilia sekunde chache tu yeye anasema: huyu ni fulani, mwaka fulani, ilikuwa Tabora. Kijana anaandika. Hazikuisha miezi mitatu kanda zote zilikuwa ndani ya kompyuta. Siku moja nilimsikia akimfokea mtangazaji aliyekuja kuomba kaseti: "Kaseti za nini tena? Mambo yote yako kwenye kompyuta, bwana!" Yaani mtu yule yule tuliyemwonea huruma kwamba hataweza.

Yule binti nilimtafuta. Ilinichukua miaka kupata ujasiri huo. Nilimpigia simu mwaka jana. Sasa ni mtu mzima, ana kazi nzuri katika taasisi nyingine. Nikamwambia kwamba kanda zilikwenda na maji, na kwamba siku ile nilicheka ilhali nilikuwa nakubaliana naye. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kaka, mambo ya kanda nilishayasahau. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya siku ile sikunyoosha tena mkono kikaoni. Si pale kwenu tu. Hata kazi yangu ya kwanza, mwaka mzima sikunyoosha mkono."

Ndugu wasikilizaji, kanda 1,400 zilizopotea naweza kuzihesabu. Mawazo ambayo binti yule aliyanyamazia katika mwaka ule hakuna wa kuyahesabu. Na mabinti na vijana wa namna yake wako wangapi katika ofisi zetu, viwanda vyetu, shule zetu na zahanati zetu, wamekunja karatasi wakaketi?

Sina semina ya kuwapeleka. Nina ombi dogo tu. Kesho ni Jumatatu, na wengi wetu tutakuwa na kikao. Atakaposimama mtu na wazo, tena akiwa mdogo au mgeni, na kile kicheko kikaanza kuzunguka meza, wewe usicheke. Si lazima umtetee, wala si lazima ukubaliane naye. Muulize swali moja tu kwa sauti: "Hebu tueleze, ingekuwaje?" Swali hilo halikugharimu kitu, na litamwambia kwamba hayuko peke yake. Kisha mgeukie yule ambaye jambo hilo litamgusa kuliko wote, yule aliyeinama karibu na mlango, umuulize naye: "Mzee, wewe unaonaje?"

Mwaka 2010 maswali hayo mawili yangetosha. Tulikuwa watu 10 chumbani na hakuna aliyeyauliza.

Hadi Jumapili ijayo, saa kama hii, nawatakia juma jema la kazi.